Studio ya geto ndiyo inayohitaji mita zaidi

Kila kijana anayeanza kurekodi nyumbani, awe Temeke au Kayole, atapewa ushauri huu mapema sana: funga macho, tumia masikio, hizo taa na grafu kwenye kompyuta zinakupoteza. Anayeutoa mara nyingi ni mtu anayeheshimika, mwenye miaka mingi kwenye miksa, na anautoa kwa nia njema. Mimi naupinga. Siupingi wote, kwa sababu una ukweli wake ambao nitaufikia, ila naupinga kama kanuni ya jumla, maana umezaliwa katika vyumba ambavyo vijana wetu hawana.

Mtu aliyefanya kazi kwenye studio iliyojengwa kwa makusudi, yenye spika kubwa, kuta zilizotibiwa na mitego ya besi kwenye kona, anapata taarifa sahihi masikioni. Akisema "tumia masikio" anasema pia, bila kujua, "tumia chumba kama changu". Prodyuza wa geto ana chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za tofali za saruji, dari la jipsamu au bati tupu, kitanda upande huu, meza upande ule, na spika mbili za inchi tano. Masikio yake ni mazima kabisa. Kibovu ni kile kinachoyafikia. Ndiyo maana nasema kadiri chumba kinavyokuwa kibaya, ndivyo thamani ya mita na vionyeshi, yaani hizo taa na grafu za kupima sauti, inavyopanda, na mwenye pesa ya kununua kitu kimoja tu baada ya maiki na hedifoni angefaidika zaidi na siku kadhaa za kujifunza kusoma mita kuliko na maiki ya pili.

Tukichukue chumba hicho hicho. Futi kumi ni mita tatu na kidogo, na sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inaenea barabara kati ya kuta mbili zinazotazamana hugonga, likarudi, likajilalia lenyewe mpaka likasimama pale pale. Katika chumba cha futi kumi hilo ni wimbi la karibu 56 Hz, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Likishasimama, mgandamizo wake unakuwa mkubwa kando ya kuta, na katikati ya chumba unakaribia sifuri. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vinalea wimbi lile lile, na tatizo linakolea.

Sasa muulize prodyuza kiti chake kiko wapi. Mara nyingi sana kiko katikati. Pale alipoketi, kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi zinazokaa kwenye 56 Hz zimepotea, ilhali karibu 113 Hz, ambayo ni maradufu yake, imevimba. Anafanya ambacho mtu yeyote mwenye masikio mazima angefanya: anafungua ikwalaiza, anapandisha sauti za chini, anashusha pale palipovimba. Desibeli tatu, kisha sita. Anaridhika, anautoa wimbo. Kesho yake unapigwa kwenye nganya, matatu ya jijini Nairobi, yenye sabufa chini ya viti, na besi inameza mashairi yote. Huyu kijana hakukosea kusikiliza. Alisikiliza kwa makini mahali ambapo 56 Hz haikuwepo, na kusogeza kiti mbele kidogo kungemsaidia, lakini kwenye chumba chenye kitanda kiti hakisogei sana.

Hapo ndipo ile grafu ya spektramu, analaiza kama wengi wanavyoiita, inapolipa. Analaiza haijali chumba. Inasoma sauti ikiwa bado ni namba ndani ya kompyuta, kabla haijafika kwenye spika, kabla haijagonga tofali lolote. SPAN ya Voxengo inapatikana bure, na FL Studio ina Wave Candy yake. Ukiongeza desibeli sita kwenye 56 Hz, kilima kinapanda mbele ya macho yako, chumba kiwe cha mraba au cha duara.

Mfano mwingine ni wa spika zenyewe. Chukua besi ya 808, ile besi ndefu ya kielektroniki, iliyopigwa noti ya F ya chini. Msingi wa noti hiyo ni karibu 43.7 Hz. Yamaha HS5, spika inayotamaniwa na wengi, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe inafika 54 Hz ikiwa tayari imeshuka kwa desibeli 10. Kwa hiyo unapoisikia ile 808 kwenye HS5, sehemu kubwa ya unachosikia ni maradufu yake na mara tatu yake, 87 na 131 Hz, na ubongo wako unajazia msingi uliokosekana. Unaweza kuwa na matoleo mawili ya biti moja ambayo misingi yake imepishana kwa desibeli nane au tisa, na kwa spika hizo yakasikika karibu sawa. Kwenye sabufa ya daladala hayatasikika sawa hata kidogo. Analaiza inakuonyesha tofauti hiyo waziwazi, kilima kimoja kirefu na kingine kifupi pale kwenye 44.

Ila analaiza inataka kusomwa kwa akili. Ya kwanza ni ukubwa wa kipande cha sauti inachokipima kwa mara moja. Kikiwa sampuli 4,096, yaani namba zinazopima wimbi, kwenye rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila hatua ya grafu ni karibu 11 Hz. Maana yake kati ya 43 na 54 kuna hatua moja tu, na huwezi kujua kama kilima ni cha kiki au cha besi. Ukiweka 16,384 hatua inakuwa chini ya 3 Hz, unaona vilima viwili vikitengana, lakini kila picha sasa inachukua zaidi ya theluthi moja ya sekunde na grafu inakuwa nzito kufuata. Mimi napendelea kubwa ninapotazama besi, ndogo ninapotazama mengine. Ya pili ni mteremko. SPAN ikitoka kiwandani inainua grafu kwa desibeli 4.5 kwa kila oktavu, ili muziki uliokaa vizuri uonekane kama tambarare. Analaiza isiyo na mteremko itauonyesha wimbo huo huo kama mlima unaoporomoka kuelekea kulia. Vijana wengi wanachukua picha ya grafu kwenye video ya mafunzo ya mtu mwingine, wanaiweka kando ya grafu yao, wanashtuka, wanaanza kurekebisha wimbo ambao haukuwa na tatizo. Grafu mbili zinalinganishwa tu zikiwa zimepangwa sawa.

Na njia bora ya kulinganisha ni kuchukua wimbo unaouamini, wa mtindo ule ule, uliomiksiwa kwenye studio nzuri, ukaupitisha kwenye analaiza yako mwenyewe. Tazama sehemu ya chini imesimama juu kiasi gani ukilinganisha na eneo ambalo sauti ya mwimbaji inaishi. Halafu pitisha wako. Usitafute grafu mbili zifanane kama mapacha, kwa sababu noti ni tofauti na ala ni tofauti. Tafuta tu kama kuna mahali umezidisha kwa kiasi ambacho masikio yako, kwa kosa la chumba, hayakuweza kukuambia.

Tuje kwenye kurekodi. Ushauri wa kuijaza mita mpaka iguse nyekundu ulikuwa wa maana enzi za tepu. Tepu ilikuwa na mvumo wake, na ukirekodi chini sauti ilizama humo; ukizidisha kidogo tepu ilijikunja taratibu, na wengi waliupenda mkunjo huo. Kwenye dijitali hakuna kujikunja. Sifuri ya juu ni ukuta, na kinachovuka kinakatwa. Wakati huo huo kule chini kuna nafasi tele. Kila biti (tarakimu ya kompyuta, siyo biti ya muziki) ni karibu desibeli 6, kwa hiyo ukirekodi kwa biti 24 na kuacha desibeli 12 tupu juu umepoteza biti mbili kati ya hizo, na CD yenyewe inatumia 16 tu. Mwimbaji anapofanya majaribio vilele vyake vikicheza kwenye -12 hadi -10, mwache hapo. Atakapoingia kwenye kiitikio na damu kuchemka, ataongeza, na utashukuru kwamba uliacha nafasi.

Hapa kuna mtego mmoja ambao nauona tena na tena kwenye rekodi zinazotoka nyumbani. Mita ya traki kwenye programu nyingi husoma sauti baada ya feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Prodyuza anaona nyekundu, anashusha feda, mita inarudi kijani, anaamini ameokoa kazi. Hajaokoa chochote, kwa sababu sauti ilishapasuka kwenye saundi kadi kabla haijaingia kwenye kompyuta, na feda imeshusha tu sauti iliyopasuka. Ikuze picha ya wimbi uone: vilele vyote vimekatwa bapa, kwa urefu mmoja, mstari ulionyooka badala ya mpindo. Onyesho la kuamini wakati wa kurekodi ni lile lililo karibu zaidi na maiki, taa ya CLIP kwenye Behringer UMC22 kwa mfano, au ule mzingo wa rangi kwenye kitufe cha Focusrite Scarlett. Kinachopunguzwa ni geini ya pale pale. Baada ya hapo, ndani ya programu zinazohesabu kwa biti 32 za desimali, traki ikivuka sifuri haiharibiki mpaka unapoitoa nje, hivyo nyekundu ya ndani na nyekundu ya saundi kadi hazina uzito sawa.

Kwenye aina za mita ndipo muziki wetu unapoleta swali ambalo vitabu vya wenzetu havikulitarajia. Mita ya VU, ile yenye sindano, ilisanifishwa Marekani mwaka 1939 na Bell Labs pamoja na vituo vya redio vya CBS na NBC. Sindano yake iliwekewa mwendo wa milisekunde 300 kufika kwenye kipimo, kwa sababu ilitakiwa ionyeshe sauti inavyokaribiana na jinsi mtu anavyoisikia, siyo kila mshtuko mdogo. BBC ya Uingereza, katika muongo huo huo, ilichagua njia nyingine: mita ya vilele inayoitikia kwa takriban milisekunde 10, maana wao waliogopa zaidi kuizidishia nguvu mitambo ya kurushia.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukirekodi taarab. Kodiani ikishikilia noti, VU na mita ya vilele zinakubaliana kwa kiasi kikubwa. Dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, ikipigwa, mkono unagusa ngozi na mshtuko umeshapita kabla sindano ya VU haijapanda nusu. Mtu anayeweka viwango vya dumbak kwa kutazama VU peke yake atadhani ana nafasi, kumbe vilele vilishagota ukuta. Kwa hiyo plagini (programu ndogo za kuongezea) za VU, ambazo zimerudi kwa kishindo na watu wanazipenda kwa sura yake ya kizamani, zina kazi nzuri kwenye sauti ya mwimbaji, kodiani, kinanda na besi ndefu. Kwenye ngoma zinahitaji mita ya vilele kando yake.

Kisha njoo kwenye singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam. Mapigo ya singeli ni 200 hadi 300 kwa dakika. Katika 240, kila pigo liko milisekunde 250 kutoka kwa lenzake. Sindano inayohitaji 300 kupanda haijamaliza safari ya pigo la kwanza, la pili limefika. Kwa hiyo haipandi na kushuka, inakwenda mahali fulani na kuganda, na yule anayefuata mafunzo ya mtandaoni yanayosema kiki ipige VU mpaka alama fulani hana anachokipima. Hata kipimo cha muda mfupi kabisa cha LUFS, mita ya ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kina dirisha la milisekunde 400, ambalo ndani yake mapigo ya 240 yanaingia zaidi ya moja. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa hotuba, okestra na muziki wa mwendo wa kati. Kwa singeli ningemwambia prodyuza atazame mbali kidogo, wastani wa sekunde tatu kwa ukubwa wa wimbo, na vilele halisi kwa usalama, na hilo la katikati aliachie sikio.

Na katika singeli kuna jambo jingine. Studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, imetoa muziki ambao lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala imeupeleka kwa wasikilizaji wa Ulaya tangu mwaka 2017, na ukali wa sauti ni sehemu ya ladha yake. Mhandisi wa taarabu akiona nyekundu ile angesimamisha kazi. Mita inasema tu kwamba sauti imekatwa. Kama mkato huo unatakiwa au hautakiwi ni uamuzi wa msanii, na ninachodai ni kwamba awe ameuamua, usiwe umemtokea bila yeye kujua.

Kuhusu LUFS yenyewe lazima niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu kipimo kizuri kimegeuzwa kuwa imani. Msingi wake ni kiwango cha ITU-R BS.1770, kilichotoka mwaka 2006, na vituo vya televisheni na redio vya Ulaya vikaujenga juu yake utaratibu wa EBU R128 mwaka 2010 kwa -23 LUFS. Sababu ilikuwa kero ya matangazo ya biashara kupiga kelele kuliko kipindi. Majukwaa ya muziki yakafuata kwa namba zao, Spotify -14, Apple Music -16. Sasa imeenea kwamba kila wimbo lazima umalizike -14, na vijana wanaukandamiza au kuushusha wimbo mpaka mita iseme hivyo.

Hebu tazama kinachotokea. Wimbo uliomastawa kwa -9 ukifika Spotify unashushwa desibeli 5. Haukatazwi, hauharibiwi zaidi. Ila kama ulizibana ngoma mpaka zikawa bapa ili kuifikia hiyo -9, zinashuka zikiwa bapa vile vile, na kando ya wimbo ulioachiwa pumzi zinasikika dhaifu. Hiyo ndiyo hoja ya kweli ya kutobana kupita kiasi. Lakini wimbo wetu hauishi Spotify tu. Unaishi kwenye flashi ya dereva wa daladala, kwenye kompyuta ya DJ wa harusi, kwenye simu iliyotumiwa faili na rafiki, na huko hakuna anayesawazisha chochote. Wimbo wa -14 ukifuata wimbo wa -8 kwenye flashi, abiria anasikia kama redio imekufa. Kwa hiyo mimi naitumia LUFS kujua wimbo wangu uko wapi ukilinganisha na nyimbo zitakazopigwa kabla na baada yake, na naacha wimbo wenyewe useme unavumilia kubanwa kiasi gani. Kilele cha kweli nakiweka -1, kwa sababu kati ya sampuli na sampuli wimbi linaweza kupanda juu kuliko sampuli zenyewe, na ubadilishaji kwenda MP3 au AAC huongeza vilele vingine. Youlean Loudness Meter, toleo la bure, inaonyesha yote hayo.

Kipimo hiki kina kazi nyingine ambayo naithamini kuliko zote, na haizungumzwi sana. Sikio la binadamu linapenda kilicho juu zaidi. Ukiweka kompresa, ile inayobana tofauti za ukubwa wa sauti, na ikaongeza desibeli moja tu ya ukubwa, utaapa kwamba sauti imekuwa nene, imekuwa ya gharama. Plagini nyingi zinauzika kwa mwanya huu huu. Mita inakuwezesha kupima kabla na baada, ukashusha kilichozidi mpaka vilingane, kisha ukasikiliza tena. Mara nyingi utagundua kompresa haikufanya lolote, au imeharibu. Hapa jicho halichukui nafasi ya sikio, linaliondolea sikio hongo.

Kuhusu mono, yaani pande mbili za wimbo zikijumlishwa kuwa moja, nitasema kwa kifupi. Wasikilizaji wengi wanaupata wimbo kwenye simu yenye spika moja, kwenye kispika cha Bluetooth, au kwenye spika za baa zilizounganishwa upande mmoja. Mita ya ulinganifu wa fezi, yaani jinsi mawimbi ya pande mbili yanavyokwenda pamoja, inasoma kutoka +1 hadi -1, na sauti inayokaa chini ya sifuri itafifia au kupotea kabisa pande mbili zinapojumlishwa. Kinanda kilichopanuliwa kwa plagini ya stirio kinasikika kikubwa na kitamu kwenye hedifoni, halafu kwenye simu hakipo. Sindano ikiegemea kushoto wakati kinanda peke yake kinapiga, bonyeza mono usikilize, na kama kimekufa punguza upana.

Spektrogramu, ile picha inayotiririka na kuonyesha sauti kwa rangi, ningeitumia kabla hata mwimbaji hajafika. Fungua maiki, kaa kimya, rekodi dakika moja ya chumba kitupu, tazama. Mstari ulionyooka kwenye 50 Hz pamoja na wenzake kwenye 100 na 150 ni umeme. Chomoa chaja, laptop ibaki kwenye betri: mstari ukitoweka, chaja ndiyo mkosaji, na suala lako ni waya wa ardhi (earth) au adapta, siyo maiki unayofikiria kuibadilisha. Feni inaonekana kama ukungu uliotanda bila kukoma. Bodaboda inayopita ni mistari sambamba inayopanda na kushuka pamoja. Jogoo wa jirani ni tao fupi, kali, kati ya ukungu. Mvua ya masika juu ya mabati inafunika kila kitu, na hapo hakuna plagini, ni kusubiri. Masikio yaliyozoea chumba chako yalishaacha kuisikia feni siku nyingi. Picha bado inaiona.

Sasa nifike kwenye ukweli wa wale wazee wa "tumia masikio". Jicho lina nguvu ya kutisha juu ya sikio. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akitazama mdomo unaosema "ga" huku sauti inayotoka ni "ba", wengi husikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Studioni hili linatokea kila siku: mtu anazungusha kitufe cha ikwalaiza, anasikia mabadiliko, anafurahi, kisha anaona ikwalaiza ilikuwa imezimwa. Mpindo mzuri kwenye grafu unasikika mzuri kwa sababu ni mzuri kutazama.

Hatari kubwa zaidi naiona kwenye vionyeshi vya sauti na mapigo. Programu za kurekebisha sauti huchora noti za mwimbaji juu ya mistari ya nusu-toni 12, na kila noti isiyokaa kwenye mstari inaonekana kama kosa. Mwimbaji wa taarab aliyelelewa kwenye makamu (ngazi za noti) za Kiarabu anaweka noti zake kwa makusudi mahali ambapo mstari haupo, na anateleza kutoka moja hadi nyingine kwa njia ambayo ndiyo uimbaji wenyewe. Kijana anayeirekebisha kwa macho anaifuta kazi ya miaka. Vivyo hivyo kwa gridi ya mapigo: mpiga ngoma anayechelewa kidogo kila mara kwenye pigo lile lile hajakosea, na ukimvuta mpaka kwenye mstari, watu wataacha kucheza bila kujua kwa nini. Kwa mambo haya, na kwa urari wa mwimbaji dhidi ya biti, zima kioo, au geuza kiti. Mimi huweka analaiza na LUFS kwenye dirisha ambalo nalifungua nikiwa na swali mahususi, na nikipata jibu nalifunga.

Mita ya mwisho haiko kwenye kompyuta, nayo ni ya ukubwa wa sauti chumbani. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi sawasawa katika kila ukubwa: sauti ikiwa chini besi inapungua, ikiwa juu inarudi. Anayepandisha spika saa tano za usiku na kuzishusha saa nane jirani akigonga ukuta anamiksi nyimbo mbili tofauti bila kujua. Weka alama kwenye kitufe cha saundi kadi, tumia programu ya desibeli ya simu kuhakikisha unarudi pale pale. Simu nyingi hazina usahihi wa maabara, lakini ukitumia ile ile, mahali pale pale, inatosha kwa kulinganisha.

Simu hiyo hiyo itakuambia pia ni lini uamke kwenye kiti. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inashauri mwisho wa saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na kwenye 100 ni dakika 15. Kazi ya geto hufanyika usiku, wasanii watatu wamejaa kitandani wakitaka kuusikia wimbo "juu zaidi", na hakuna anayehesabu. Prodyuza ahesabu. Awape dakika zao chache za sauti kubwa, kisha arudishe kitufe kwenye alama yake.